Sorry Yako Ni Namba Ngapi?

Hidaya,

Salamu sikuandikii. Tumeshapeana asubuhi, wewe umenuna upande wa jiko, mimi nimenuna upande wa dirisha, na hizo zinatosha. Umetoka kwenda kuagana na wenzako. Umeniachia begi lako limesimama katikati ya sebule, na tangu alasiri nimekaa nalo hapa tunatazamana. Kesho asubuhi treni yako ya Chengdu. Unakwenda kuwa mwalimu, utawafundisha Wachina maneno ya Kiingereza. Hongera. Na kabla hujapanda hiyo treni unataka radhi yangu. Jana umeniambia, "Mama, basi nipe radhi niende," kwa sauti ya mtu anayeazima kiberiti kwa jirani.

Basi barua hii ni ya hiyo radhi. Sijui kama utaipata. Nimeanza kuandika sijui, na nitajua nikifika mwisho.

Sikuandikii habari za blanketi, wala pilipili za huko, wala swala. Hayo unayajua, na usiyoyajua utaiuliza simu yako, maana simu ndiyo mama yako siku hizi. Nakuandikia kwa sababu jana nilipokuuliza swali moja uliniambia "Mama, usianze," ukaingia chumbani ukabamiza mlango. Karatasi haina mlango. Utanisoma mpaka mwisho, hata kama utanuna njia nzima mpaka Chengdu.

Tuanze na siku ile ya robota. Wewe umeshaisimulia kwenye video kwa maelfu ya watu nisiowajua. Mimi mwenye siku yangu sijawahi kuisimulia hata mara moja.

Duka la Bi Luo unalikumbuka, pale mtaa wa Guangyuan Xilu, ghorofa ya tatu, la mitandio. Nilianza kununua kwake mwaka uleule tuliofika Guangzhou, wewe hujui hata kufunga kamba za viatu. Mchana ulikuwa unalala juu ya marobota yake, na yeye anakufunika kwa mtandio mpya wa kuuza, siyo kipande cha sampuli. Kiswahili hajui, Kichina changu ni cha kuulizia bei, Kiingereza chetu sote wawili cha kuokota. Lakini tulikuwa tunaelewana kuliko mimi na baba yako tulivyowahi kuelewana kwa lugha moja. Tuligombana kila nilipokwenda. Yeye anapiga kelele "Meiyou! Meiyou!" yaani hakuna, mimi napiga kelele zaidi kwamba ipo, halafu anacheka, anaitoa chini ya meza, tunakunywa chai. Ndivyo tulivyofanya biashara. Wapita njia walidhani tunataka kuuana.

Siku ile tulikuwa tunagombana kama kawaida. Nilikuwa nimeagiza mitandio ya zambarau iliyokolea, yeye kaniletea waridi iliyopauka, rangi ambayo Kariakoo hata bure haichukuliwi. Nimeishika ile waridi kwa mikono miwili, namtikisia usoni. Nyuma yake amekaa mama yake mzazi, yule bibi mdogo wa umbo, kwenye kigoda chake, anamenya chungwa. Juu ya bibi kuna rundo la marobota. Mpagazi mmoja alikuwa amelipanga kwa haraka zake, mkokoteni wake umeziba njia na watu wanamtukana. Robota la juu likateleza. Sikuligusa. Nilikuwa upande wa pili wa meza, mikono imejaa waridi. Likamwangukia bibi mkononi, nikasikia mfupa.

Nikatupa mitandio, nikapenya pembeni mwa meza, nikapiga magoti, nikamshika. "Pole bibi! Pole, pole mama yangu, pole!" Ananitazama tu, haelewi, machozi yanamtoka. Nikatafuta lugha nyingine kichwani, Kichina kikanikimbia chote, nikapata lile neno moja la Kiingereza. "Sorry! Sorry! Sorry bibi, sorry!"

Na ningesema nini kingine? Kwetu mtu akijikwaa njiani, hata humjui, unamwambia pole, na jiwe hukulitega wewe. Mtu akipiga chafya unampa pole. Mtu akitoka kazini anapewa pole na watu ambao hawakumwajiri. Mwenye Kiingereza kidogo anasema sorry, ni ileile pole imevaa suruali. Ndivyo nilivyojifunza nikiwa msichana dukani Kariakoo, na ndivyo nilivyoisema.

Lakini ghorofa nzima ikasikia kingine. Wenye maduka ya jirani wakajaa mlangoni. Punde tu wameniona natikisa mkono usoni kwa Bi Luo, sasa wananiona nimepiga magoti nalia sorry. Nikawasikia wanaambiana, "Sorry, anasema sorry." Bi Luo amechanganyikiwa, anamshika mama yake, ananitazama mimi, anatazama rundo, ananitazama tena. Mlinzi wa jengo akafika. Ananiuliza, simwelewi. Namjibu, hanielewi. Nikasema ngoja, mwanangu anakuja. Nilisema kwa kujidai, Hidaya. Nilisema kama mtu aliyeagiza wakili. Mwanangu anasoma shule ya Wachina, anakiongea Kichina mpaka Wachina wenyewe wanageuka. Akija mwanangu yataisha.

Ukaja. Una miaka kumi na nne, sare ya shule, begi mgongoni, jasho. Ulipita katikati ya watu hukumtazama mtu. Mlinzi akakuuliza mama yako alisema nini. Ukanitazama mimi, nikakuambia yote haraka haraka, robota, mpagazi, pole. Ukamgeukia mlinzi ukasema sentensi fupi. Ndani yake nikasikia neno moja ninalolijua, maana ni la kwanza nililofundishwa nchi hii, la mwenye kosa kuomba msamaha.

"Duibuqi."

Nikakushika mkono. "Hidaya, duibuqi ya nini? Mwambie nimesema pole. Mwambie robota sikuligusa!"

Ukanijibu hukunitazama. "Mama, taratibu. Watu wanatazama."

Watu wanatazama! Mimi si nilikuwa mmoja wa hao watu? Mlinzi akauliza tena, hilo nalo nikalielewa kwa kidole chake: duibuqi kwa kosa gani, alimsukuma? Nikasubiri. Mlinzi akasubiri. Bi Luo akasubiri, na nilimwona, Hidaya, alikuwa anataka useme hapana. Macho yake yote yalikuwa kwenye mdomo wako. Na wewe ukanyamaza. Ukatazama viatu vyako.

Kilichofuata hukukisimulia kwenye video yako, kwa hiyo nakukumbusha. Wakasema niombe msamaha vizuri mbele ya bibi, nimwinamie, yaishe. Na wewe ukaja sikioni kwangu, ukanong'ona, "Inama kidogo tu Mama, tuondoke."

Nikainama.

Nimezaa kwa uchungu wa siku mbili sikulia. Baba yako aliponiacha huku akarudi Dar kwa mke mwingine sikulia, nilifunga mzigo wa wateja nikapeleka kago. Siku ile nililia njiani mpaka nyumbani Sanyuanli, wewe unatembea mbele yangu, unajifanya hatuko pamoja.

Kabla jua halijazama Waswahili wenzetu wote wa hapa walikuwa na habari. Mama Hidaya kamsukuma bibi wa Kichina. Mama Hidaya kamvunja mtu mkono kwa ajili ya mitandio. Wateja wangu wa Dar wakapigiwa, wakaniuliza kwa adabu ya uongo, "Dada, eti kweli?" Ghorofa ya tatu sikukanyaga tena. Nikahamia masoko ya Liuhua, nikaanza upya na watu wasionijua, hakuna chai, hakuna kugombana, unaonyeshwa kalkuleta unalipa unaondoka. Biashara haikufa. Lakini rafiki mmoja niliyempata nchi hii alinipotea, na jina langu likabaki pale sakafuni na maganda ya machungwa.

Sasa najua utetezi wako, jana umenisomea. "Mama, nilikuwa mtoto. Kitabu cha shule kiliandika sorry ni duibuqi. Nilitafsiri ulichosema."

Ebo! Kitabu! Sorry ulifundishwa na kitabu, sawa. Na pole je? Pole uliijua unanyonya. Pole uliisikia siku ile kwa masikio yako, nilikuambia mara ngapi, nimesema pole, nimesema pole. Uliitupa pole yangu ukachukua sorry kwa sababu sorry ilikuwa na Kichina chake tayari, na pole ingekubidi uieleze. Ingekubidi usimame pale na sare yako useme, jamani, kwetu kuna neno la mtu asiye na kosa. Ingechukua dakika mbili. Dakika mbili za kuwa mtoto wa yule mwanamke mnene anayelia sakafuni. Ukaona ni nyingi.

Ukanijibu, "Kichina cha pole hakuna." Hakuna? Ungesema mama anamhurumia. Hata mimi mwenye Kichina cha bei nimeshalijua hilo neno sasa. Usinifanye mjinga, mwanangu, nimekuzaa mimi.

Hapa ndipo mahali ambapo wazazi wengine huandika makosa yao, kwenye barua kama hizi, mtoto asome alainike. Ninayo makosa. Nililokufanyia kubwa ni kukugeuza mdomo wangu. Una miaka saba nakubeba kwenda benki. Una miaka tisa nakuweka mbele ya daktari unamwambia mambo ya tumbo langu ambayo mtoto hapaswi kuyajua. Nilikuona una akili nikafurahi, sikuona kwamba unachoka. Wenzako wanacheza, wewe unabeba maneno ya mtu mzima na hasira zake. Nakubali ulikuwa umechoka siku ile. Nakubali ningejifunza Kichina mwenyewe, ningepata muda jioni, nilikuwa nalala tu. Hilo somo nimelipata kwa tabu na nakupa bure: usimtie mtu maneno yako mdomoni halafu ukamwachia na mlango afunge yeye. Siku akichoka, atakufungia nje.

Umesoma? Basi usilainike sana, maana sijamaliza. Kuchoka kunaeleza kwa nini ulinyamaza siku ile. Hakuelezi kwa nini umenyamaza miaka minane.

Hakuelezi na video.

Video nilionyeshwa na Njeri wa ghorofa ya chini. Alipanda ngazi anacheka tangu huko chini. "Mama Hidaya! Cheki mtoi wako, ako famous kabisa! Wachina elfu ngapi sijui wanamfuata!" Nikakaa, nikavaa miwani, nikafurahi. Naam, nilifurahi, andika hiyo pia. Umevaa shati jeupe, nywele umebana, nyuma yako ubao. "Leo tunajifunza neno moja tu," unawaambia kwa Kichina, "sorry." Maneno ya chini yanapita kwa Kiingereza, Njeri ananisomea kila nisipoelewa.

Ukafundisha vizuri. Nakupa haki yako. Ukawaambia Wachina wengi wanadhani sorry ni duibuqi tu, na hilo ni kosa la kwanza la mwanafunzi. Ukaandika ubaoni. Namba moja, sorry ya mwenye kosa: nimekukanyaga, nimechelewa, nimekuvunjia kikombe. Namba mbili, sorry ya huruma: mtu amefiwa, mtu ameugua, mtu ameanguka, na wewe unayesema huna kosa lolote, unamwonea uchungu. Ukasema, mtu akikwambia sorry msibani usimuulize kwani ulimuua wewe. Njeri hana mbavu. Namba tatu, sorry ya kupita tu: kwenye lifti, njiani, hukusikia mtu alichosema. Nikawaza, kumbe mtoto anajua. Anajua yote haya, namba mbili anaijua na ubaoni kaiandika kwa wino mwekundu.

Kisha ukatabasamu ukasema, "Ninamfahamu mama mmoja wa Kiafrika."

Mama mmoja! Hidaya, mimi ni mama mmoja? Mimi niliyekubeba kiunoni kwenye ngazi za Sanyuanli nimekuwa mama mmoja?

Ukawaambia mama huyo alikuwa sokoni, bibi akaumia, na yeye hakuwa na kosa, lakini kwa sababu hakujua Kiingereza vizuri akapiga kelele sorry, watu wakadhani amekiri. Ukaigiza. Umeweka mkono kifuani, umetoa macho, sorry, sorry, sorry! Sauti yangu kabisa. Wanafunzi wako wakakurushia vikatuni vya kucheka mpaka skrini ikajaa. Ukamalizia: kwa hiyo, marafiki, angalieni mnatumia neno gani wapi.

Njeri akaacha kucheka. Aliniona. Akazima simu, akasema polepole, "Mama Hidaya, ni wewe?"

Nilitumia neno vizuri! Ndicho kinachoniudhi mpaka leo. Kwa ubao wako mwenyewe, kwa wino wako, sorry yangu ilikuwa sahihi, namba mbili, haina doa. Aliyekosea ni mkalimani. Na mkalimani hayumo kwenye hadithi. Umemfuta. Mama mmoja yumo, bibi yumo, watu wa sokoni wamo, na yule msichana wa sare aliyetazama viatu hayumo popote. Na umetamka mbele ya watu wote hao kwamba hakuwa na kosa. Wao umewaambia. Mlinzi hukumwambia, wenzetu hukuwaambia, mimi hukuniambia.

Sikukwambia kitu siku ile. Nilipika, tukala. Nilitaka kuona kama utasema mwenyewe.

Sasa sikiliza aliyesema ni nani. Wiki iliyopita, wewe uko kwenye ofisi za vibali vyako, mlango ukagongwa. Nafungua, Bi Luo. Nywele zimekuwa nyeupe mbele. Ameshika mfuko wa machungwa kwa mikono miwili. Hakusalimia. Akatoa simu, akanionyesha uso wako na shati lako jeupe, kumbe anajifunza Kiingereza, ana wateja wa Lagos siku hizi. Video ameiangalia, na akamjua mama mmoja ni nani. Akainua kidole.

"Pengyou," akaniambia, rafiki, kama alivyokuwa ananiita. "Ile siku. Sorry yako. Namba ngapi?"

Nikamwonyesha vidole viwili.

Akakaa palepale kwenye ngazi, machungwa yamelala mapajani. Akatikisa kichwa muda mrefu. Halafu akajigonga kifuani na akainua kidole kimoja tu. "Mimi, sorry," akasema. "Mimi, namba moja."

Unaona, Hidaya? Mchina wa duka, Kiingereza cha simu, aliisikia maana moja, akaja kuuliza. Hakuwa na haraka nami. Hakuona aibu majirani wakimtazama amekaa kwenye ngazi analia na Mswahili. Nikamwingiza ndani, nikapika chai ya tangawizi, tukagombana kuhusu sukari. Bibi yu hai, mkono ulipona ukapinda kidogo, na eti huwa anauliza yule mnene wa mitandio kaenda wapi. Nimeahidi kwenda kumwona. Nitakwenda na mitandio ya waridi, makusudi.

Basi jana nikakusimulia Bi Luo alivyokuja. Nilidhani yatakugusa. Ulisikiliza umesimama, unakunja nguo zako, ukanipa ule utetezi wako wa kitabu, na nilipomaliza kukujibu ukasema, "Sorry, Ma." Ukaendelea kukunja.

Nikakuuliza, "Namba ngapi?"

Ni swali dogo. Umelitunga mwenyewe. Bi Luo alilijibu kwa kidole. Wewe ukanitazama kwa yale macho ya mwalimu aliyechoka ukasema, "Mama, usianze." Na mlango.

Sasa nimekaa hapa nazipima. Kama ilikuwa namba mbili, ya kunihurumia, irudishe begini, sina msiba, mzima wa afya. Huruma yako sikuililia. Kama ilikuwa namba moja, kwa nini iliogopa kuitwa jina lake? Na nilipofika mstari huu, wallahi, simu imelia. Ni wewe. Umeandika, "Sorry Ma, nitachelewa kidogo." Namba tatu! Ya kwenye lifti! Nimecheka peke yangu mpaka machozi, na machozi yenyewe sijui yalikuwa ya kucheka.

Nikuambie ninachojua kuhusu hilo neno, ufundishe au usifundishe. Linapendwa na watu wenye haraka. Neno moja unalitupa, mwenzio ajichagulie maana, wewe umeshapita. Kwetu huwezi. Kwetu lazima uchague ukiwa umesimama mbele ya mtu. Ukisema pole, umeutazama uchungu wake. Ukisema nisamehe, umeyatazama makosa yako. Hakuna neno la kukuficha katikati. Labda ndiyo maana ulikuja na Kiingereza jana. Uliongea nami Kiswahili tangu asubuhi, ulipofika hapo ukahama lugha.

Huko Chengdu utakuwa na wanafunzi, na wako watakaokuwa wanasema kwa ajili ya wengine, mtoto na mama yake, mfanyakazi na bosi wake. Sina ushauri wa maana wa kukupa juu yao. Ila ukimwona mmoja anatazama viatu vyake, msubiri. Usimwondoe mapema kwa sababu watu wanatazama. Mimi nilitaka mtu akusubiri wewe siku ile, pengine ungesema. Hilo huwa nalifikiria nikiwa naosha vyombo, na nikishalifikiria nakukasirikia upya, maana sipendi kukuonea huruma nikiwa na hasira.

Na ile video usiifute. Usije ukajitia wema ukaifuta usiku huu ukadhani umelipa. Iache. Chini yake andika tu mkalimani alikuwa nani.

Haya. Radhi.

Baba yako ameshakupa kwa simu, nimemsikia, amekuombea dua ndefu. Kwake rahisi, yeye hakuinama. Mimi nimekaa na hii karatasi tangu alasiri nikiwa nimedhamiria kukunyima. Nilikuwa na sentensi yake tayari. Lakini nikajiona nakusindikiza kwa moyo mbaya, reli ile ndefu, milima yote hiyo, na wewe huko peke yako ukianza kuharibikiwa na jambo unajiuliza ni mama. Hapana. Sitaki Mungu akuguse kwa ajili yangu. Nakasirika mwenyewe, sihitaji msaada.

Radhi nakupa. Imetoka moyoni, yote, sikubakiza. Nenda, fundisha, pata heri, olewa na mtu mwenye masikio. Ukiamka kesho usiogope chochote upande wangu, mzazi wako yuko radhi nawe duniani na ahera.

Kwa Kiingereza chako ningekuwa nimemaliza hapo, maana sorry yako ingekuwa imejibiwa, ungekunja barua ukalala. Kwa Kiswahili ni vitu viwili. Radhi ni yangu, natoa nikitaka, hata kwa mtoto mwenye kiburi. Msamaha hautolewi hivyo, lazima mtu auombe.

Radhi unayo, Hidaya. Msamaha hujaniomba.

Mama yako